Kisanduku Kijinga cha Nyamasaria

Nilikuwa napeleka filamu kwenye vyumba vya hoteli huko Ghuba kabla watu wa mtaa wetu hawajajua kwamba filamu inaweza kusafiri ndani ya waya. Nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani kwamba maoni yangu juu ya vifaa vya kuhifadhia filamu nimeyaokota kwenye simu, kama wanavyookota wenzangu. Nilienda kule kufagia korido. Niliporudi nilikuwa fundi mwenye diploma, na diploma yenyewe niliisomea baada ya zamu, kwa jasho langu, bila mjomba serikalini na bila harambee ya kijiji. Iko ukutani sebuleni kwangu Nyamasaria, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe, mkabala na kochi la wageni, ili wageni wasihangaike kuitafuta.

Kwa hiyo nilipotaka kuchagua kifaa cha kuwekea filamu za familia yetu, sikuhitaji ushauri wa mtu. Niliupata hata hivyo. Kisumu unaweza kukosa maji wiki nzima, lakini ushauri hukosi.

Lazima nieleze hizo filamu ni zipi. Marehemu baba yangu alikuwa na kibanda cha video Manyatta: mabati, mabenchi, televisheni ya kisogo kikubwa, deki, na spika iliyofungwa kwa kamba kwenye nguzo. Watu hawakuja kuona filamu. Walikuja kumsikia Mzee. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akitafsiri maneno ya waigizaji kwa Dholuo na Kiswahili, na pale maneno yalipokosa maana aliyatungia maana. Mpiganaji kutoka Uchina alikuwa na wajomba Ahero. Jambazi wa Marekani alilalamika kwamba omena, wale dagaa wa ziwani, siku hizi wana mchanga. Mtu akipigwa ngumi ya haki hakuanguka hapo alipokuwa, alianguka Kondele, mtaa wa pili. Mama ndiye aliyekaa mlangoni. Kazi yake ilikuwa kupokea watu, kunyamazisha wanaopiga kelele, na kuvuta gunia lililokuwa pazia kila jua lilipoingia.

Baadhi ya filamu Mzee alizirekodi upya kwa deki ya pili, sauti yake ikiwa juu, ili siku akiugua kibanda kisifungwe. Baadaye aliugua kweli, na hakupona. Sauti yake ikabaki kwenye zile kanda, na hakuna mahali pengine ilipobaki. Hatuna hata ujumbe wa simu, maana simu za wakati ule zilikuwa za kupiga tu, na Mzee hakupenda kupiga.

Niliporudi nyumbani nilizikuta kanda chini ya kitanda cha Mama, unyevu wa ziwa ukiwa umeanza kuzipaka ukungu mweupe. Nilitafuta deki, nikaifufua, nikazihamisha zote kwenye laptopu yangu moja baada ya nyingine. Nyingine zilikatika mara tu baada ya kuhamishwa, nyingine zikamalizwa na ukungu, zote zikaishia pipani. Laptopu yenyewe ilikuwa tayari inatoa sauti ya kusaga mahindi. Ikifa, Mzee ananyamaza moja kwa moja. Hilo ndilo lililokuwa likiniwasha, na naomba mlikumbuke tukiwa kwa wauzaji na mashemeji, kwa sababu wao walilisahau.

Nilijua ninachotaka. Nilitaka kitu ambacho Mama, aliyekuja kukaa nami, angeweza kukifikia kwa rimoti ya televisheni akiwa kwenye kiti chake, bila kuniita. Nilitaka kitu ambacho stima ikipotea na kurudi, na hapa hupotea na kurudi kama mtu mwenye nyumba mbili, kitaamka bila kuuliza maswali. Nilitaka pia kitu ambacho kinaweza kufunikwa kwa kitambaa.

Wasomaji wa Nairobi labda hawajui tena habari za vitambaa, nitawaeleza. Mama yangu hushona vitambaa vyeupe kwa sindano ya kulabu, na katika nyumba anayoishi Mama hakuna kitu cha thamani kinachokaa uchi. Migongo ya makochi ina vitambaa. Redio, thermosi na meza ya vikombe vina vitambaa. Ruta ya intaneti ilipoletwa, fundi aliyeifunga alikuwa bado anateremka ngazi nayo tayari imevishwa. Kumwambia Mama asifunike chombo ni kumwambia kwamba chombo hicho hakina maana nyumbani. Sasa mashine yenye feni ukiifunika inapata joto, ikipata joto inajizima, na siku moja inajizima moja kwa moja. Hakuna mtu anayeandika habari hizo kwenye maboksi.

Duka nililoingia mjini lilikuwa na kiyoyozi na muuzaji mwenye tai.

"Karibu, Mzee. Tukusaidie na nini?"

"Nataka kisanduku cha kuhifadhia filamu. Cha diski moja, kisicho na feni, cha kuchomeka kwenye ruta."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa kiatu kimoja.

"Hiyo ni ya kuchezea, boss. Chukua hii." Akaweka kaunta kitu kikubwa kama jiko la gesi, kina taa za buluu mbele. "Iko na nafasi ya diski nne. Hii hata benki zinatumia."

"Mimi sina benki. Niko na mama."

"Inajipanga yenyewe. Inatambua filamu, inaleta picha ya waigizaji, inatoa zenye zimejirudia. Wewe unakaa tu."

"Na ikifunikwa na kitambaa?"

"Kitambaa gani?"

"Cha kushona. Cheupe."

"Nani atafunika mashine ya aina hii na kitambaa, bwana?"

Nikajua kwamba nazungumza na mtu aliyelelewa na redio, si na mama. Nilimshukuru, nikaenda duka dogo la upande wa pili, nikanunua nilichokuwa nimekitaja.

Kuhusu mashine zinazojipanga zenyewe, hotelini tulikuwa nazo. Nimezifungua, nimezisafisha, nimezitukana kwa Kiarabu. Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kurekebisha mambo ambayo zilikuwa zimeyafikiria zenyewe. Mtu anayeishi na mama yake na kanda za baba yake hahitaji mashine inayofikiria. Anahitaji sanduku. Ulichoweka ndani ndicho unachokikuta, mahali ulipokiweka, kwa jina ulilokipa. Kanuni hiyo sikuisoma kwenye diploma, lakini mwenye diploma ndiye anayeweza kuisema bila kuchekwa.

Nilichekwa hata hivyo, maana shemeji yangu alikuja kukiona.

Shemeji huyu ameoa dada yangu mdogo. Walioana wakati Mzee alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hakuwahi kumsikia akiwa hai. Anakaa Riat, juu ya kilima ukishapita Mamboleo, kwenye nyumba ambayo upande mmoja wote ni kioo ili ziwa lionekane, na kama hujaliona atakuonyesha kwa kidole. Ndiye aliyeinunua ile mashine ya taa za buluu. Nadhani yule muuzaji mwenye tai alikula sikukuu mbili kwa siku hiyo moja.

"Shemeji, hii ni nini? Chaja?"

"Hizo ni filamu zote za Mzee."

"Yawa! Hii? Haina hata taa!"

"Iko na taa. Iko nyuma."

"Taa ya nyuma inamsaidia nani? Na picha za waigizaji zinatokea?"

"Kinatokea kile nilichoandika. Nimeandika MZEE, inatokea MZEE."

Alicheka mpaka akashika ukuta, karibu kabisa na diploma yangu. "Omera, wewe umekaa Ghuba miaka yote ukaja na kitu kama sabuni. Hicho ni kisanduku kijinga. Hakijui chochote."

"Ndiyo," nikamwambia. "Nilikilipia ujinga wake."

Lakini mimi si mtu wa kinyongo pale kazi inapohitaji akili. Nakala moja ni kama hakuna nakala. Nyumba huungua, wezi huingia. Nikampa shemeji nakala ya filamu zote aziweke kwenye mashine yake, ili Mzee awe na nyumba mbili, moja Nyamasaria na nyingine Riat. Haikupita muda laptopu ikasaga mahindi yake ya mwisho. Sikushtuka. Nilikuwa nimejipanga.

Mama naye alijifunza siku ya kwanza. Alikaa kwenye kiti, akabonyeza, MZEE akatokea, akabonyeza tena, na baba yangu akaanza kumtukana jambazi kwa Dholuo. Mama hakulia. Alisema, "Hapo alikuwa na mafua," akaenda kuleta kitambaa.

Alasiri moja nilikuwa nimeenda soko la Kibuye kununua mbao. Niliporudi Mama akaniambia, "Shemeji yako alikuja. Akatoa kitambaa. Akafungua simu yake, akashikashika kile kisanduku, akakasirika, akanywa chai, akaenda."

"Alikuwa anataka nini?"

"Sijui, nyathina. Mimi nilimwambia tu arudishe kitambaa." Akanitazama. "Alikirudisha mbele nyuma."

Nililicheka jambo hilo, kisha nikalisahau.

Ikafika siku ya kumbukumbu ya Mzee. Shemeji alisisitiza ifanyike kwake, kwa sababu ya nafasi, na kwa sababu ana televisheni kubwa kama mlango wa kanisa. Sikupinga. Baada ya ibada na chakula, wageni walikaa sebuleni: watu wa kanisa, shangazi zangu, na wazee kadhaa kutoka Manyatta waliokuwa wateja wa kibanda. Mmoja wao, mzee mwembamba mwenye kofia, alikuwa amekaa benchi la mbele miaka yote ya ujana wake, na hata Riat alitafuta kiti cha mbele, akamwondoa mtu. Kila mmoja alijua kilichomleta. Walikuwa wameambiwa watamsikia Mzee.

Mama alikaa katikati, amevaa gauni lake la buluu, mikono mapajani.

Shemeji alisimama akatoa hotuba. Alieleza mashine yake ina nafasi ngapi, inatumia nini, na kwamba benki zinaitumia. Alieleza kwamba filamu za zamani zilikuwa na hali mbaya, picha zinatetemeka, lakini kwa heshima ya marehemu, yeye amezisafisha zote. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Neno "kusafisha" lilikuwa limenigonga mahali.

Akabonyeza.

Picha ilitokea safi kama maji ya chupa. Ungeweza kuhesabu ndevu za jambazi. Jambazi akafungua mdomo, akasema maneno ya Kiingereza. Akajibiwa kwa Kiingereza. Muziki ukapiga. Watu wakasubiri. Jambazi akaendelea na Kiingereza chake, kizuri sana, chenye kueleweka, hakikuwa na Ahero, hakikuwa na omena, hakikuwa na mtu.

Mama ndiye aliyesema kwanza.

"Huyu anayeongea ni nani?"

Akanyosha kidole kwenye televisheni.

"Mzee yuko wapi?"

Shemeji alipeleka filamu mbele. Kiingereza. Akafungua nyingine. Kiingereza, chini yake maandishi ya manjano. Akafungua nyingine tena, na shingo yake ilikuwa imeanza kung'aa jasho ingawa dirisha lilikuwa wazi.

"Umefanya nini?" nikamwuliza.

"Mashine ilipendekeza," akasema. "Iliandika kwamba hizo nakala ni duni, sauti ina kelele, kuna nakala bora kwenye intaneti. Ikauliza nikubali. Nikabonyeza kubali zote. Shemeji, nilidhani itabadilisha picha tu!"

"Na za zamani?"

"Iliondoa zenye zimejirudia."

Mzee wa kofia akageuka kwenye kiti chake cha mbele. "Kwa hivyo hiyo kelele," akamwuliza polepole, "ndiyo ilikuwa huyo mtu tumekuja kukumbuka?"

Ningependa kusema nilimhurumia shemeji. Nilikuwa namhesabia. Alikuwa na mashine hiyo tangu mwanzo wa mwaka, ikiwa na nakala ya kila kitu ambacho baba mkwe wake aliacha duniani, na hakuwa ameketi hata alasiri moja kusikiliza filamu moja mpaka mwisho. Angeisikiliza, angejua. Wako wengi siku hizi. Wana nafasi ya kuweka kila kitu na hawana muda wa kukaa na kimoja.

Mama alinivuta mkono. "Na ile siku alitoa kitambaa?" akaninong'oneza. "Alifanya hivyo na kwa yetu pia?"

Nikamgeukia shemeji. "Ulipokuja kwangu ulifanya nini na kisanduku?"

"Nilitaka kukiunganisha na changu. Ziwe kitu kimoja, ukibadilisha huku kule kunabadilika." Akatazama simu yake. "Sijui kama kilikubali. Simu ilizunguka tu, ilizunguka, nikaacha."

Nilitoka. Gari langu lilikuwa limezibwa na magari ya wageni, nikasimamisha boda boda. Tuliteremka Mamboleo, tukachukua barabara ya kuzunguka mji, mimi nikirudia kichwani kila kitu nilichokuwa nikijua juu ya kile kisanduku. Nilijua hakina uwezo wa kuunganishwa na nyumba nyingine. Nilikichagua kwa sababu hiyo. Lakini fundi anayejua ni mmoja, na mtoto wa mtu anayeogopa ni mwingine, na wote wawili tulikuwa tumepanda boda boda moja.

Nyamasaria hakukuwa na stima. Sikuweza kujaribu chochote. Kisanduku kilikuwa mahali pake chini ya kitambaa, kitambaa kikiwa mbele mbele, maana Mama alikuwa amekigeuza. Nilikichomoa pamoja na waya zake, nikakifunga kwa kile kitambaa kama mtu anayebeba mandazi ya moto, nikarudi Riat.

Hakuna mgeni aliyekuwa ameondoka. Shangazi zangu walikuwa wameanza wimbo wa kanisa ili kimya kisikae. Nilipiga magoti nyuma ya televisheni, nikachomeka kisanduku kwenye ruta ya shemeji. Ile mashine kubwa ilikuwa hapo hapo kando, ikiwaka taa zake zote za buluu. Taa ya kisanduku iko nyuma, kwa hiyo mimi peke yangu ndiye niliyeiona ikiwaka.

Nikampa Mama rimoti, maana yeye anajua.

Akabonyeza. Neno MZEE likatokea kwenye ile televisheni kubwa, bila picha ya mwigizaji yeyote. Akabonyeza tena.

Picha ilitetemeka. Mstari mweupe ulipita juu ukarudi chini. Kisha, kutoka spika za bei mbaya za shemeji, mtu akasafisha koo, na baba yangu akasema kwa Dholuo kwamba huyu mnayemwona amevaa kofia ni mtu mbaya, na kwamba mama yake anajua.

Sebule ilipasuka. Wazee wa Manyatta walipiga mapaja. Yule wa benchi la mbele alianza kusema maneno kabla Mzee hajayasema, kila neno, mpaka shangazi mmoja akamkemea, "We jaduong', nyamaza, tumekuja kumsikia yeye!" Ngumi ya kwanza ikatua, na sebule nzima ikapaza sauti pamoja na baba yangu: "Kondele!" Hata shemeji alisema. Alikuwa hajui inatoka wapi lakini alisema.

"Kumbe hakikukubali," akaniambia sikioni, anafuta uso. "Kisanduku chako."

"Hakikukuelewa," nikamwambia. "Ni kijinga."

Nilikuwa na mengine ya kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kuanzia Mamboleo, yenye diploma ndani yake. Lakini alasiri ilikuwa imefika saa ile jua linapolala juu ya ziwa na kurudi kwenye nyumba za Riat kama limetupwa, na nyumba ya shemeji, kama nilivyosema, upande mmoja wote ni kioo. Mwanga uliifunika televisheni yote. Jambazi akapotea, ikabaki sauti. Na kwenye kanda, kwenye kibanda cha mabati ambacho hakipo tena, inaonekana jua lilikuwa limeingia vile vile, kwa sababu Mzee aliacha kutafsiri. Tulimsikia akishusha kipaza sauti kidogo.

"Mama," akaita, "hebu vuta hilo gunia, jua limemkalia mtu wetu usoni."

Shemeji ana mapazia ya kuendeshwa kwa rimoti. Alianza kuitafuta, akainua mito ya kochi, akauliza nani ameiona. Mama alikuwa ameshasimama. Alipita katikati ya magoti ya wageni bila kuomba njia, akafika kwenye kioo, akashika pazia kwa mikono miwili na kulivuta mpaka mwisho.

"Nimefunga," akamwambia. "Endelea."